Je, gigabaiti 4 za RAM zinatosha kuijenga GCC kutoka kwa msimbo chanzo?

SWALI: Habari Mwalimu. Ninasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa nne, katika chuo kimoja hapa Nairobi. Mradi wangu wa kumaliza masomo ni kuifanya kompaila ya GCC (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) itoe ujumbe wa makosa kwa Kiswahili, ili wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaojifunza lugha ya C wasipambane na mambo mawili kwa pamoja. Nilipakua msimbo chanzo wa toleo la 13.2.0 na nimehangaika nao kwa wiki tatu. Kwanza configure, skripti ya maandalizi, ilikataa, ikidai maktaba za hesabu za GMP, MPFR na MPC. Nikazipakua moja moja na kuzisakinisha kwa mkono. Ikakataa tena, ikasema inashuku kwamba sina maktaba za biti 32; nikaongeza --disable-multilib. Kisha make, zana inayoendesha ujenzi, ikasimama na maneno «cannot compute suffix of object files». Mwenzangu akanipa mstari wa LD_LIBRARY_PATH, unaoonyesha mahali pa kutafuta maktaba, nikapita. Sasa nikiandika make -j8 kazi inakwenda kwa muda, halafu inaandika «Killed» na kusimama. Kila mara nafuta kila kitu na kuanza upya. Umeme nao hukatika, na betri yangu haishiki chaji. Bando limeniishia mara mbili. Kipakatalishi changu ni cha mtumba: RAM gigabaiti 4, kichakataji cha kori mbili, Ubuntu 22.04. Rafiki mmoja anasema ninunue mashine nyingine, mwingine anasema nifanye kila kitu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Mzazi wangu hana pesa za mashine nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujazungumza na mzazi wako kuhusu pesa, fahamu kwamba huhitaji mashine nyingine. Kipakatalishi ulichonacho kinaweza kuijenga GCC 13, na kwa mradi wako mahususi kinaweza kuijenga kwa kazi ndogo zaidi kuliko ile uliyokuwa ukiilazimisha. Nikikuelewa vyema, umeyaona makosa manne yakifuatana ukadhani ni dalili nne za ugonjwa mmoja, yaani udhaifu wa mashine. Sivyo. Ni makosa manne yenye vyanzo vinne tofauti. Matatu ya kwanza yangekupata hata kwenye seva yenye gigabaiti 256, na la mwisho limeletwa na ile namba 8 uliyoiandika mbele ya make.

Tuanze na swali ambalo watu wengi hulivuka: je, unalazimika kuijenga? Mtu anayehitaji tu kompaila mpya ya kufanyia kazi zake namwambia asijenge. Ubuntu 24.04 inakuja na GCC 13 tayari, na hata kwa 22.04 kuna hazina ya nyongeza ya vifurushi yenye toleo hilo. Kompaila iliyojengwa nyumbani haiwi na kasi zaidi kwa sababu tu umeijenga mwenyewe. Msimbo ni uleule. Lakini wewe unataka kubadilisha maneno ambayo kompaila yenyewe inayasema, na unataka kufanya hivyo bila kuigusa ile ambayo mfumo wako wote unaitegemea. Hiyo ni sababu halali ya kujenga. Huenda pia mtu akakushauri uhamie Clang, kompaila nyingine ya C. Kwa mradi huu nakushauri ubaki na GCC, kwa kuwa ujumbe wake hupitia gettext, utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya tafsiri, ilhali ujumbe wa Clang umo ndani ya majedwali ya msimbo wake bila utaratibu huo. Isitoshe, hatua ya kuunganisha vipande vya Clang hula kumbukumbu nyingi kuliko GCC, na kumbukumbu ndiyo iliyo haba kwako.

Sasa tuitazame configure yenyewe, kwa sababu ukiielewa hutaiogopa tena. Ni skripti ndefu iliyotengenezwa kwa Autoconf, zana iliyoanza mwaka 1991, na kazi yake ni kuihoji kompyuta yako. Haiamini orodha ya vifurushi vilivyosakinishwa. Inapotaka kujua kama una GMP, huandika programu ndogo ya mistari michache katika faili iitwayo conftest.c, ikaitafsiri (yaani kuigeuza kuwa lugha ya mashine), ikatazama kama imefaulu, kisha ikaifuta. Hufanya hivyo mamia ya mara. Jibu la kila jaribio, pamoja na malalamiko halisi ya kompaila, huandikwa katika faili ya config.log. Ule mstari mmoja unaouona kwenye dirisha la amri ni hitimisho tu. Ushahidi umo katika faili hiyo. Katika barua yako yote hukutaja config.log hata mara moja, na nadhani hapo ndipo wiki zako tatu zilipopotelea.

Kosa la kwanza lilihusu GMP, MPFR na MPC, na ni haki yako kujua kwa nini zinadaiwa. Programu ikiwa na hesabu ya namba zisizobadilika, kwa mfano sin(0.5), GCC hupenda kuikokotoa yenyewe wakati wa kutafsiri ili programu isiifanye upya kila inapoendeshwa. Jibu hilo halina budi kuwa sahihi hadi biti ya mwisho, hata kama kompaila inaendeshwa kwenye kichakataji cha aina moja na kuzalisha msimbo wa kichakataji cha aina nyingine kabisa. GMP hushughulikia namba nzima za ukubwa wowote, MPFR hushughulikia desimali na kuzikadiria kwa kanuni kamili, na MPC hushughulikia namba changamano. MPFR ililazimishwa kuanzia GCC 4.3, na MPC kuanzia 4.5.

Yumkini maktaba hizo zilikuwamo tayari katika Ubuntu yako, maana kompaila ya mfumo inazitumia pia. Kilichokosekana ni faili za heda, zile zenye kueleza jinsi ya kuziita maktaba hizo kutoka katika msimbo mwingine. Ubuntu na Debian huzitenga heda katika vifurushi ambavyo majina yao huishia na -dev. Kuna wengi wanaotazama orodha, wakaona libgmp10, wakaapa kwamba GMP ipo na configure inasema uongo. Ulichohitaji ni amri moja ya apt yenye libgmp-dev, libmpfr-dev na libmpc-dev, megabaiti chache tu. Njia ya pili ni skripti ya contrib/download_prerequisites iliyomo ndani ya msimbo wa GCC, ambayo hupakua matoleo yanayofaa na kuyaweka mahali ambapo yatajengwa pamoja na kompaila. Zote mbili ni nzuri. Kwa anayehesabu bando, ya kwanza ni nafuu.

La biti 32 lilikuwa jepesi, na ulilitatua ipasavyo. Kwenye vichakataji vya kisasa vya x86, GCC hujaribu kujijenga ili iweze kutoa programu za biti 64 na za biti 32. Huna haja na za biti 32, kwa hiyo --disable-multilib ndilo jibu kamili.

Lile la tatu linahitaji subira, kwa sababu ujumbe wake huwapoteza hata wahandisi waliokomaa. «Cannot compute suffix of object files» maana yake ya juujuu ni kwamba configure imeshindwa kutambua kiambishi cha jina la faili linalotokana na kutafsiri, ambacho kwa kawaida ni .o. Ungedhani ni suala la majina. Lakini fuata mfuatano wenyewe. Make ilikuwa imeshamaliza kujenga kompaila mpya, na sasa ilitaka kuijenga libgcc, maktaba ndogo inayoandamana nayo. Libgcc ina configure yake, nayo ikaandika conftest.c na kuiomba ile kompaila mpya iitafsiri. Kompaila mpya ilipoamka ilihitaji libmpc.so.3, ambayo ulikuwa umeisakinisha kwa mkono katika /usr/local/lib. Mfumo haukuiona pale, kwa sababu orodha ambayo mfumo huitumia kutafuta maktaba haijirekebishi yenyewe. Husasishwa kwa amri ya ldconfig. Kompaila ikafa kabla ya kufanya lolote, faili la .o halikuzaliwa, na configure ikabaki haina kiambishi cha kukisoma. Ukifungua config.log iliyo ndani ya saraka ya x86_64-pc-linux-gnu/libgcc utakuta mstari unaosema waziwazi kwamba libmpc.so.3 haikufunguka.

Dawa ya mwenzako, LD_LIBRARY_PATH, ilifanya kazi, na simlaumu. Hata hivyo, ukiuacha mstari huo katika ~/.bashrc, kila programu unayoianzisha kutoka hapo, si kompaila tu, itatafuta maktaba zake kwanza katika /usr/local/lib, na siku moja itachukua isiyoifaa. Kuna jambo jingine: ukisakinisha vifurushi vya -dev huku zile za mkono zingali katika /usr/local, heda zinaweza kusomwa kutoka upande mmoja na maktaba kutoka upande mwingine. Kwa hiyo safisha kwanza. Futa mstari huo katika .bashrc, fungua dirisha jipya la amri, orodhesha kwa ls zilizomo katika /usr/local/lib na /usr/local/include, ondoa zile za gmp, mpfr na mpc pekee, halafu endesha sudo ldconfig. Usifute kitu usichokitambua.

Tumefika kwenye «Killed». Neno hilo halikuandikwa na GCC kwa hasira. Lilitokana na kiini cha Linux chenyewe. Kumbukumbu inapokwisha kabisa, kiini huchagua mchakato mmoja unaokula zaidi na kuusitisha ili mfumo mzima usigande. Unaweza kuthibitisha kwa sudo dmesg, ukitafuta maneno «Killed process». Utaona jina la cc1plus, ile sehemu ya kompaila inayotafsiri C++. Tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013, GCC yenyewe haijengeki bila kompaila ya C++. Faili zake nyingi ni za wastani, lakini chache ni kubwa mno kwa sababu zimeandikwa na mashine wakati wa ujenzi; mojawapo katika toleo la 13 ni gimple-match.cc. Kutafsiri faili moja ya aina hiyo huweza kupita gigabaiti 1. Ulipoandika -j8 uliagiza kazi nane kwa mpigo, kila moja na kumbukumbu yake, juu ya mashine yenye gigabaiti 4 ambayo tayari ilikuwa imebeba kivinjari na mandhari ya Ubuntu. Hata kama kila kazi ingeridhika na robo tatu ya gigabaiti, hesabu haikubali.

Kwa hiyo andika -j2, funga kivinjari, na uongeze faili la ziada la swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM inapojaa. Fanya hivi: sudo fallocate -l 4G /swapfile2, kisha chmod 600, mkswap na swapon juu ya faili hilo, zote kwa sudo. Ikiwa diski yako ni ya kuzunguka, si SSD, mashine itakuwa nzito pindi swapu inapotumika, lakini haitauawa. Zile faili kubwa zikipita, kazi itachangamka tena.

Sasa niseme kuhusu kufuta kila kitu na kuanza upya, kwa maana ndiko kulikokugharimu zaidi, na ningependa uache leo. Make hufanya kazi kwa kulinganisha nyakati. Kabla ya kutafsiri faili, huangalia kama matokeo yake yapo na kama ni mapya kuliko chanzo. Yakiwa mapya, huiruka. Ujenzi ulioshindwa baada ya saa tatu kwa sababu ya kumbukumbu haujapoteza saa tatu. Andika make -j2 mahali palepale, na itaendelea ilipoishia. Kinacholazimisha kuanza upya ni kubadilisha chaguo za configure, na hata hapo hufuti msimbo chanzo wala hupakui kitu, ila unafuta saraka ya ujenzi peke yake. Ndiyo sababu waandishi wa GCC wanasisitiza kwamba ujenzi ufanyike katika saraka tofauti na ya msimbo chanzo. Ukizichanganya saraka hizo mbili, hutajua tena kipi kilikuja na kipi umekizaa wewe.

Umeme ukikatika ghafla kuna hatari moja ndogo. Faili lililokuwa likiandikwa wakati huo linaweza kubaki nusu, na kwa kuwa tarehe yake ni mpya, make italidhania kuwa zima. Baadaye utaona malalamiko kwamba faili fulani la .o limekatika au muundo wake hautambuliki. Lifute hilo moja, kisha endesha make tena. Na kwa betri isiyoshika chaji, anza kazi usiku baada ya kujiridhisha kwamba umeme wa mtaa umetulia. Usiizindue kompaila saa moja kabla ya muda ambao kwa kawaida mnazimiwa.

Kuna uamuzi mmoja mkubwa uliobaki, nao ni kama ujenge kwa hatua moja au tatu. Usipoiambia vinginevyo, GCC hujijenga mara tatu. Kompaila ya Ubuntu huijenga GCC ya kwanza. Ya kwanza huijenga ya pili kutoka kwa msimbo uleule. Ya pili huijenga ya tatu. Halafu faili za ya pili na ya tatu hulinganishwa, na zikitofautiana ujenzi hukataliwa. Ukipita Kamukunji kwa mafundi wa jua kali unaweza kuifikiria hivi: fundi ameazima nyundo asiyoiamini, akaitumia kufua nyundo yake ya kwanza. Kwa hiyo ya kwanza anafua ya pili, na kwa ya pili anafua ya tatu. Ikiwa ya pili na ya tatu zinafanana kabisa, ana sababu ya kuamini kwamba kasoro za ile ya kuazima hazikubaki katika kazi yake. Ni ukaguzi wa thamani, na yeyote anayetaka kuwagawia wengine kompaila asiuruke.

Wewe huna haja nao kwa sasa. Kompaila ya Ubuntu 22.04 ni GCC 11, toleo imara linalotosha kabisa kuijenga 13, na wewe unachunguza maneno, huchunguzi usahihi wa msimbo unaozalishwa. Chaguo la --disable-bootstrap litapunguza kazi takriban hadi theluthi. Kisha kuna faida ya pili ambayo wengi hawaijui: ukiondoa hatua tatu na ukaomba lugha ya C peke yake, GCC haitajenga kompaila mpya ya C++ wala maktaba yake ya libstdc++, ambavyo ni sehemu kubwa ya mzigo. Ukibaki na hatua tatu haiwezekani kuomba C tupu, kwa sababu kompaila ya hatua moja lazima iweze kutafsiri C++ ili kuijenga ya hatua inayofuata. Wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza wanasoma C. Waanzie hapo.

Msimbo ukiwa katika ~/gcc-13.2.0, na usafi niliokueleza ukiwa umefanyika, amri zote ni hizi:

sudo apt install build-essential libgmp-dev libmpfr-dev libmpc-dev gettext
mkdir ~/jenga-gcc
cd ~/jenga-gcc
../gcc-13.2.0/configure --prefix=$HOME/gcc-sw --enable-languages=c --disable-multilib --disable-bootstrap
make -j2 2>&1 | tee ujenzi.log
make install

Tazama kwamba sudo ipo kwenye mstari wa kwanza tu. Rafiki yako wa pili alikuelekeza vibaya, na hapa sina budi kuwa mkali kidogo. Hakuna hata moja ya makosa yako manne lililotokana na kukosa mamlaka. Sudo haiongezi RAM, haitafuti maktaba, haisomi config.log. Inachofanya ni kuliondoa tabaka linalokulinda dhidi ya kuandika mahali pasipofaa. Nikiwa mhandisi kijana niliona katika ofisi moja hapa jijini mtu akisakinisha kompaila yake chini ya /usr kwa sudo, juu ya ile ya mfumo. Siku mbili nzima za timu yetu ziliishia katika kuurejesha mfumo huo. Kwa --prefix (mahali pa kusakinisha) iliyo ndani ya saraka yako ya nyumbani, kosa kubwa kabisa linaondolewa kwa kufuta saraka moja, na /usr/bin/gcc inabaki salama.

Sasa nifike kwenye habari ambayo nadhani itakufurahisha. Kompaila ukiijenga mara moja, hutaijenga tena kwa ajili ya tafsiri. Ujumbe mwingi wa GCC umeorodheshwa katika faili gcc.pot, ndani ya saraka ya gcc/po ya msimbo chanzo. Kutokana nayo unatengeneza sw.po kwa msginit, unaandika tafsiri zako humo, kisha msgfmt huigeuza kuwa faili la gcc.mo. Kompaila yako hulitafuta faili hilo wakati inapoendeshwa, katika ~/gcc-sw/share/locale/sw/LC_MESSAGES. Kila ukirekebisha sentensi, unaendesha msgfmt kwa sekunde chache na kujaribu papo hapo. Tengeneza kwanza mazingira ya lugha kwa sudo locale-gen sw_KE, halafu ita kompaila hivi: LC_ALL=sw_KE ~/gcc-sw/bin/gcc jaribio.c. Ujumbe usioutafsiri utaendelea kutoka kwa Kiingereza, kwa hiyo huhitaji kumaliza maelfu ya sentensi ndipo uone tunda. Chagua hamsini ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana nazo kila siku, uanze nazo.

Utakutana na ugumu ambao ni wa Kiswahili hasa, na nakuomba uutendee haki katika ripoti yako. Ujumbe wa GCC una alama kama %qE na %qD zinazoshikilia nafasi ya jina ambalo mwanafunzi ameliandika. Kiingereza husema kwamba hicho «undeclared» bila kujali ni nini. Kiswahili kinataka upatanisho: halijatangazwa, haijatangazwa, hakijatangazwa? Wewe hujui kitakachokaa pale. Njia ninayoipenda ni kutanguliza nomino inayobeba ngeli, ukaandika «jina %qE halijatangazwa», ili kitenzi kipatane na neno «jina» daima. Ujumbe mwingine hutungwa kwa kuunganisha vipande viwili, kwa mfano kile kinachosema nukta-mkato ilitarajiwa na kile kinachosema kabla ya neno gani, nawe utavikuta vimetengana katika sw.po, visome vikiwa pamoja kabla ya kuvitafsiri. Tumia msgfmt -c, ambayo hukukagulia kama umeacha au umeharibu alama yoyote, maana alama iliyopotea huweza kuiangusha kompaila wakati mwanafunzi amekaa mbele yake. Ukikamilisha sehemu ya kutosha, wapo wanaopokea kazi ya namna hii: tafsiri za GCC huratibiwa kupitia Translation Project.

Nimalizie na wakati wa kutafuta mtu wa kukaa nawe ana kwa ana. Ujenzi ukishindwa tena, usiangalie mwisho wa maandishi. Kazi mbili zikienda pamoja, maandishi yao huchanganyika, na kosa la kweli huwa juu zaidi. Endesha make -j1 ili lijitokeze peke yake, au tafuta «error:» katika ujenzi.log na uanze na la kwanza. Ikiwa linarudi mahali palepale kila mara, ni suala la programu, na linaweza kutatuliwa kwa barua kama hii. Ikiwa kompaila inaanguka na «internal compiler error» leo kwenye faili hili, kesho kwenye jingine, na ukirudia inapita, hapo shuku vifaa. Kujenga kompaila hukishughulisha kichakataji na RAM kwa saa nyingi mfululizo kuliko kazi nyingine yoyote uliyowahi kukipa kipakatalishi hicho, na feni iliyojaa vumbi au kijiti kibovu cha RAM hujidhihirisha wakati huo. Endesha memtest86+ usiku mmoja, kisha mpelekee fundi unayemwamini aifungue na kuisafisha. Barabara ya Luthuli haina uhaba wao. Mwambie dalili kwa usahihi, usimwambie tu kwamba iko polepole, na hifadhi nakala ya mradi wako kwenye kifaa kingine kabla hujamkabidhi.

Vilevile zungumza na msimamizi wa maabara ya chuo chenu. Ukipewa akaunti kwenye mashine yao yenye kumbukumbu kubwa, unaweza kujenga huko na kubeba saraka ya gcc-sw kwenye flashi, mradi mashine hiyo nayo iwe na Ubuntu 22.04 na jina lako la kuingilia liwe lilelile, kwa sababu njia ya saraka ya locale, ile yenye tafsiri zako, huandikwa ndani ya kompaila wakati wa ujenzi. Iliyojengwa juu ya mfumo mpya zaidi inaweza kukataa kuanza kwako, kwa kuwa itadai toleo la glibc, maktaba kuu ya C ya mfumo, ambalo huna.

Ukikwama, niandikie tena ukiambatisha mistari thelathini inayozunguka kosa la kwanza, config.log ya saraka husika, na amri kamili ya configure uliyoitumia, ambayo utaikuta imeandikwa mwanzoni mwa config.log hiyohiyo.